Barazani Kwetu: Ua la uani

Toleo lililopita tuliahidi kwamba safari hii tutaizungumzia ngeli ya N. Tunaomba radhi. Ngeli ya N ipo, haina pa kwenda, itatusubiri. Kuna jambo limetokea nyuma ya jengo letu mwezi wa tatu, na tangu siku hiyo hapiti mwanachama uani ila huuliza, "Jamani, mmeufanya nini ule mti?" Tumechoka kujibu mmoja mmoja. Tukaona heri tuandike mara moja, wote wasome.

Kwa wageni: nyuma ya nyumba ya matofali ambamo klabu hukutana kila Jumatano pana ua mdogo wenye sakafu ya mawe, mapipa mawili ya taka, baiskeli zisizo na wenyewe, na benchi moja tuliloliita baraza, ingawa kwa mvua za Uingereza baraza hilo hukaliwa na maji kuliko watu. Ukuta wa kushoto umefunikwa na mti wa maua ya njano. Huo ndio unaozungumziwa.

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wajihadhari hapa, pana mtego. Ua ni hili linalochanua, wingi wake maua. Ua ni pahala palipozungushiwa ukuta au wigo, wingi wake nyua. Na lipo la tatu, ambalo ni kitenzi, nalo halina uzuri wowote. Miaka miwili iliyopita klabu hii ilikaribia kuyatumia yote matatu katika sentensi moja: tulikaribia kuua ua la uani.

Mti wenyewe ni mwasumini. Wenzetu wa Mombasa wanataka tuseme myasmini, na ubishi huo ulikula kikao kizima cha mwezi wa pili. Mwenzetu wa Lubumbashi alisema kwao ni maua tu, tuendelee na ajenda. Tumeandika mwasumini kwa sababu aliyeupanda ni mtu wa Unguja na yeye huuita hivyo. Ni mwalimu wetu mstaafu, aliyefundisha Kiswahili katika nyumba hii kabla wengi wetu hatujazaliwa. Jina lake hatuliandiki kwa kuwa amekataa, na mnamjua.

Yeye mwenyewe husimulia kwa kucheka jinsi alivyoupata. Alikwenda kwenye kitalu cha miche, akaona kibao chenye jina la Kiingereza la asumini, moyo ukamruka. Akafikiria vikuba, akafikiria maua meupe yaliyotungwa uzi jioni, akafikiria chumba kizima kikinukia. Akanunua bila ya kuuliza swali hata moja. Mwaka ulipopinduka, katikati ya baridi kali, mti ukachanua maua ya njano. Akainama, akatia pua. Hamna kitu. Akavuta pumzi tena. Hamna. "Nilisema, nimeuziwa mtoto asiyesema," ndivyo anavyoeleza.

Kumbe jamii ya asumini ina aina zinazokaribia 200, na zinafanana jina kuliko tabia. Ile ya Unguja na ya mwambao kwa jumla, nyeupe, ya kutungwa na kutiwa kwenye nywele, wataalamu huiita Jasminum sambac. Hiyo haistahimili baridi. Uani kwetu isingeuona mwezi wa pili. Huu wetu ni Jasminum nudiflorum, asumini ya baridi. Neno hilo la pili lina maana ya maua uchi, kwa kuwa huchanua matawi yakiwa hayana hata jani moja. Asili yake ni China, ambako jina lake ni yingchun, yaani mwenye kuulaki msimu wa kuchipua. Aliyeuleta Uingereza mwaka 1844 ni Robert Fortune, Mskochi aliyetumwa kule kukusanya mimea; huyohuyo ndiye aliyekuja kutoa miche ya chai China na kuipeleka India kwa niaba ya Kampuni ya India Mashariki. Mtu mmoja, mkono kwenye ua letu na mkono kwenye birika.

Basi mwalimu aliuacha mti pale pale. Sababu yake tunaipenda: kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa pili, nyua zote za mtaa huu zina rangi ya jivu, na huu peke yake unawaka. Wanafunzi waliokuwa wakitoka kwao kwa mara ya kwanza, ambao Januari ya huku huwapiga mahali ambapo koti halifiki, walikuwa wakiuona wanaposhuka ngazi za nyuma. Tangu alipostaafu kumekuwa na desturi: wiki ya kwanza ya masomo baada ya mwaka mpya tunakata vijiti kumi au kumi na mbili vyenye matumba, tunampelekea nyumbani kwake, vituo vinne kwa basi. Anavitia kwenye glasi ya maji karibu na dirisha, na matumba hufunguka yenyewe ndani ya siku chache kwa joto la chumba.

Sasa tuje kwenye kosa.

Miaka miwili iliyopita, mwezi wa kumi, tulikuwa tunajiandaa kuwapokea wanachama wapya. Tukafagia ua, tukaosha benchi, tukautazama mti. Ulikuwa umetawanyika, vijiti vyake vya kijani vinaning'inia mpaka kwenye mapipa. Ikaonekana ni aibu. Mmoja wetu, mzaliwa wa Muscat, akasema kwao nyumba nzima imezungukwa na bogenvilia, na baba yake huipiga mkasi bila huruma, kisha inachanua kuliko mwanzo. Hakusema uongo. Bogenvilia huchanua kwenye matawi machanga, yaliyoota karibuni. Ukikata, huchipua, na chipukizi hilo ndilo litakalobeba maua. Tulichokosea ni kudhani kwamba ujuzi wa mti mmoja ni ujuzi wa miti yote. Tukaazima mkasi mkubwa wa kukatia ua wa miti, ule wa mikono miwili, tukaunyoa mwasumini kama kinyozi anavyomnyoa mtoto siku ya kwanza ya shule. Nusu saa, kazi imekwisha. Ukuta ukawa na kitu kama sanduku la kijani, limenyooka kila upande. Tulipiga picha. Picha hiyo ilitoka katika toleo la mwezi wa kumi na moja, ukurasa wa mwisho, na hatuombi mtu aitafute.

Januari ilipofika hakukuwa na ua hata moja. Tulihesabu. Tulichungulia kwa ndani, tukapata manne karibu na tofali, mahali mkasi haukufika.

Tulikwenda kwa mwalimu na tulipu za dukani, zimefungwa kwa karatasi ya plastiki. "Shikamoo Mwalimu." "Marahaba wanangu, karibuni, vueni viatu, chai ipo." Akayapokea maua, akayatia majini, akakaa. Kisha akauliza, "Na ya uani?" Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa tayari kulijibu swali hilo, na yule wa Muscat akaomba kwenda kuosha vikombe ambavyo bado havikuwa vimetumika.

Alipojua, hakugomba. Alitueleza kitu ambacho tungekijua kama tungeuliza, nacho ndicho kiini cha makala hii: kabla ya kuukata mti wa maua, uliza unachanua lini na kwenye tawi la umri gani. Mwasumini wa baridi huchanua kwenye vijiti vilivyoota msimu uliopita. Kijiti kinachochipua mwezi wa nne kinakua msimu wote wa joto, na matumba yake huanza kujiumba kwenye vikonyo vya majani kabla baridi haijaingia. Kufika mwezi wa kumi, maua ya Januari yapo tayari, yamelala, hayaonekani kwa mtu asiyeyatafuta. Tulipopitisha mkasi tuliyakata yote kwa pamoja, tukayafagia, tukayatia kwenye pipa la taka za bustani. Mti haukufa. Ulichokosa ni mwaka mmoja, na mwaka huo haurudi.

Kwa hiyo mkasi wa mti huu huingia mara tu maua yanapokwisha, mwanzo wa mwezi wa tatu au zaidi kidogo, ili vijiti vipya vipate msimu mzima wa kukua. Asumini nyeupe ya kiangazi ya huku Uingereza, Jasminum officinale, ile inayonukia na kujisokota yenyewe kwenye waya, hupunguzwa nayo baada ya kuchanua, lakini kuchanua kwake ni katikati ya mwaka. Na sambac ya Unguja hutoa maua kwenye machipukizi mapya; bibi wa mmoja wetu huko Malindi huichuma na kuikatakata ncha mwaka mzima wala haimnunii. Miti mitatu yenye jina moja, kalenda tatu.

Mwaka uliofuata tulifanya kosa la pili, nalo ni kosa la watu walioogopa. Hatukuugusa kabisa. Mtu akikaribia na mkasi tulipiga kelele. Mwasumini huu hauna mikono ya kushikia wala haujisokoti. Kazi yake ni kurefuka, kuinama na kulalia chochote kilicho karibu, na pale kijiti kinapogusa udongo hutoa mizizi na kuanza safari upya. Ukiuacha, unajilalia wenyewe. Tabaka la mwaka huu linalikalia la mwaka jana, la mwaka jana linalikalia la juzi, na yaliyo chini yanakosa mwanga yanakauka. Januari hii maua yalikuwepo, mengi tu, ila yote kwa nje, kama shuka zuri lililotandikwa juu ya godoro bovu. Lundo lilikuwa limeziba dirisha la chumba cha chini, limepanda kwenye bomba la maji ya mvua, na njia ya kutokea ikabaki upana wa mtu mmoja mwembamba.

Ndipo ikaja barua kutoka ofisi inayosimamia majengo. Ilikuwa fupi na ya heshima: njia ya dharura lazima iwe wazi, dirisha lazima lifunguke. Klabu ipunguze mti huo kabla ya mwisho wa mwezi wa tatu, la sivyo wafanyakazi wataung'oa na mahali pake patawekwa mawe. Tuseme ukweli, walikuwa na haki. Lakini barua hiyo ilisomwa kwa sauti kwenye kikao na chumba kikanyamaza, maana sote tulikuwa na wazo moja: nani atapanda basi la vituo vinne kwenda kusema kwamba mti umeng'olewa?

Hakuhitajika mtu. Alikuja mwenyewe, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tatu, kwa fimbo na koti mbili, akaketishwa kwenye benchi juu ya mkeka, akapewa chai ya tangawizi. Tulikuwa tisa. Kazi ilituchukua tangu saa nne asubuhi mpaka saa tisa na nusu.

Jambo la kwanza alilotukataza ni ule mkasi mkubwa. Alisema huo ni wa kunyolea, na hapa hatunyoi. Hapa ndipo Kiswahili kilipotusaidia, na walimu wetu watafurahi kusikia. Kufyeka ni kuondoa pori ili pabaki peupe. Kukwanyua ni kulivuta tawi likang'oka na ganda lake, kovu likabaki kwenye shina. Kupogoa ni kukata tawi ulilolichagua, mahali ulipopachagua, kwa ajili ya lile utakaloliacha. Miaka miwili iliyopita tulifyeka huku tukiamini tunapogoa. Mkasi wa kazi hii ni ule mdogo wa mkono mmoja, wenye meno mawili yanayopishana, na uwe mkali, umefutwa kwa spiriti. Kwa matawi manene kuliko kidole gumba, msumeno mdogo.

Tulianza na yaliyokufa. Kijiti hai cha mwasumini huu ni cha kijani hata wakati wa baridi, kina pembe nne ukikizungusha kati ya vidole. Kilichokufa ni cha kahawia na kinavunjika kwa mlio. Ukiwa na shaka, kwaruza kwa ukucha: chini ya ganda pakiwa na ubichi, kiache. Saa nzima tulitoa vikavu tu, magunia manne, na kila gunia lilipotoka ukuta ulionekana zaidi, mpaka tukaona kitu ambacho hakuna mwanachama wa sasa aliyewahi kukiona, yaani shina lenyewe. Yalikuwa mashina kumi na mawili kutoka ardhini, mengine manene kama mpini wa jembe, mengine yamepindana.

Akatwambia tuchague matano. Hapa palikuwa na ugomvi wa kweli, maana kila mtu alikuwa na shina lake alilolihurumia. Kanuni aliyotupa ni hii: chagua yaliyo na nguvu, yasiyozidi umri sana, na yanayoelekea pande tofauti, ili ukiyafungua yasimame ukutani kama vidole vya mkono uliofumbuliwa. Mengine, yale mazee, yakatwe karibu na ardhi. Lakini si yote kwa siku moja. Alituruhusu kuondoa manne, theluthi ya mashina; matatu yaliyobaki yatasubiri mwaka kesho na keshokutwa, kwa kuwa majani ndiyo yanayoulisha mti na huwezi kumwambia mtu akimbie huku umemnyima chakula.

Kisha vile vijiti vya pembeni vilivyokuwa vimechanua. Hivyo vimekwisha kazi yake. Kila kimoja tulikirudisha nyuma mpaka yabaki macho mawili au matatu kutoka kwenye tawi kubwa, kiasi cha sentimita tano hivi. Mkasi ukatwe juu kidogo tu ya jicho. Ukiacha kipande kirefu juu ya jicho kitakauka na kuoza. Ukikata karibu mno utalijeruhi jicho lenyewe. Mwenzetu mmoja, Mwingereza wa mwaka wa pili ambaye Kiswahili chake kimezidi vya baadhi yetu, alishika sehemu hiyo peke yake saa mbili nzima, akihesabu kwa sauti, "moja, mbili, tatu, kata," na hatukumsumbua.

Waya ndizo zilizotupa taabu. Mti huu haujishikii, kwa hiyo lazima upewe cha kushikia, na wakati wote huo ulikuwa umefungwa kwa kamba za nailoni kwenye misumari mitatu yenye kutu. Kamba moja ilikuwa imezama ndani ya tawi, ganda limeota juu yake kama kidole kilichovimba ndani ya pete. Tulikuwa tumeiomba ofisi ya majengo fundi wa kutoboa ukuta, na kwa hili tunawashukuru, alikuja na keekee yake siku moja kabla. Alitia skrubu zenye pete kichwani, ndani ya tofali lenyewe na siyo kwenye maungio yaliyochakaa, zikachomoza sentimita tano. Waya tano zikapita kwa ulalo, ya kwanza sentimita 40 kutoka chini, nyingine kila baada ya sentimita 40. Ile nafasi kati ya waya na ukuta siyo uzembe wa fundi, kama mmoja wetu alivyodai. Hewa inapita hapo, majani yanakauka baada ya mvua, na ukungu hauoti kwa urahisi.

Kufunga tulitumia uzi laini wa katani, kwa fundo la nane: uzi unazunguka waya, unapishana katikati, ndipo unazunguka tawi, na kitanzi cha upande wa tawi kinaachwa kilegee kiasi cha kupitisha kidole. Pale uzi unapopishana ndipo panapozuia tawi lisisuguane na waya. Na tawi unalaza. Hatukuelewa kwa nini mpaka mwalimu alipoeleza. Tawi likisimama wima, ncha yake ndiyo inayotawala. Homoni inayotengenezwa pale juu hushuka na kuyazuia macho ya chini yasichipue, kwa hiyo unapata mti wenye maua kichwani na miguu mitupu. Ukililaza tawi, ule utawala unalegea, macho yote yaliyo njiani yanapata ruhusa, na kila jicho linaweza kutoa kijiti cha maua ya mwakani. Wenye mawaridi ya kupanda ukutani hufanya vivyo hivyo. Tuliyafungua yale matano, mawili yakalazwa karibu sawa na waya, mawili mshazari, moja likaachwa lipande katikati. Yale matatu yanayosubiri zamu yao tuliyafunga nyuma kwa muda.

Ukuta wetu unatazama kaskazini, na hilo linahitaji maneno mawili kwa waliokulia karibu na ikweta. Unguja au Kisumu, jua la mchana hupita karibu na utosi, miezi mingine likaegemea kaskazini na mingine kusini, na kila ukuta hupata zamu yake. Huku, jua la mchana liko kusini siku zote, na wakati wa baridi hata halipandi. Ukuta unaotazama kaskazini hukaa kivulini miezi kadhaa. Miti mingi ya maua ingegoma. Huu unavumilia, ingawa ungechanua zaidi upande wa kusini au magharibi. Chini ya ukuta napo ni pakavu kuliko mtu anavyodhani katika nchi ya mvua, kwani ukuta wenyewe huzuia mvua. Tulimwaga ndoo sita za maji na kutandaza mboji, bila ya kuigusisha kwenye mashina.

Ilikuwa saa nane hivi, tumebakiza pembe ya kulia, ile ya karibu na bomba, wakati mwalimu alipoinua fimbo na kusema, "Hebu simameni." Tukasimama. Alikuwa amemwona ndege, robin, yule mdogo mwenye kifua cha rangi ya chungwa iliyoiva, akiingia pale na jani kavu mdomoni. Akatoka mtupu. Baada ya dakika chache akaingia tena, safari hii na kuvumwani. Mmoja wetu alichungulia bila ya kugusa: kulikuwa na tako la kiota, bado halijakamilika.

Sheria ya hapa iko wazi. Tangu ile sheria ya wanyamapori na mashamba ya mwaka 1981, ni kosa kuharibu kwa makusudi kiota cha ndege wa porini kinapotumika au kinapojengwa. Neno hilo la mwisho ndilo lililotukamata. Lakini barua ya ofisi nayo ilikuwa mfukoni, na pembe ile ndiyo iliyokuwa imelalia bomba. Palikuwa na rai kwamba ndege ndiyo kwanza anaanza, akisumbuliwa mapema atajenga kwingine, na kwamba kati ya kiota nusu na mti mzima heri kupoteza kiota. Rai hiyo ilitolewa na mtu mwenye huruma, aliyekuwa akiutetea mti. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, leo tumekata mangapi?" Na hakuongeza.

Tukaiacha pembe ya kulia. Tuliondoa tu vijiti viwili vilivyokuwa vinaning'inia njiani, mbali na kiota, tukahamisha baiskeli. Jioni hiyo tuliandika barua kwa ofisi, tukaambatanisha picha tatu: dirisha linalofunguka, njia iliyo wazi, na ile pembe, pamoja na maelezo kwamba sehemu iliyobaki itapunguzwa makinda yakisharuka. Jibu lilichukua siku tisa. Siku ya nne mtu wa ofisi alikuja na tepu akapima njia bila ya kusema neno, na tuliokuwa dirishani hatukula chakula cha mchana. Siku ya tisa walikubali. Wameomba tuwaarifu kwa maandishi kila mwezi wa tatu kazi itakapofanyika, na katibu ameliingiza hilo kwenye kalenda ya klabu ili kamati zijazo zisiseme hazikujua.

Sasa hivi, tunapoandika, ukuta unaonekana mtupu, ndiyo maana mnauliza. Matofali yapo nje, matawi matano yamelazwa kwenye waya, na mwanachama mmoja alisema unafanana na mti uliosulubiwa. Subirini. Macho yamekwisha kufumbuka. Jana tulihesabu vichipukizi 31 kwenye tawi moja, vingine vimefikia urefu wa kidole, kila jani vijani vitatu. Hivyo ndivyo vitakavyobeba matumba ya Januari. Kwa hiyo kuanzia sasa mpaka mwakani hakuna mkasi, hata kama vitawaning'inia usoni. Vikirefuka vifungeni kwa uzi, fundo la nane, uzi upo kwenye droo ya pili chini ya kamusi.

Robin ana makinda manne. Msisimame karibu na pembe ile kuvuta sigara.

Jambo la mwisho. Vile vijiti vilivyokuwa vimegusa udongo na kuota mizizi tulivikata, tukavipanda kwenye vyungu saba. Kimoja kimekwenda kwa mwalimu, ambaye amekiweka kwenye kibaraza chake na kukifungia kijiti cha mwanzi. Vitatu vimechukuliwa. Vitatu vilivyobaki vipo kwenye dirisha la ngazi za nyuma, na anayetaka aandike jina kwenye karatasi iliyobandikwa hapo. Haninukii, hatutaki malalamiko baadaye.